Kabari za Chuma: Roland Garros na Ubishi wa Nani Aliyeifanya Ndege Kuwa Bunduki

Mwaka 1931 Anthony Fokker, Mholanzi aliyewaundia Wajerumani ndege katika Vita Kuu ya Kwanza, alitoa kitabu cha maisha yake. Humo anasimulia kwamba mwezi Aprili 1915 aliitwa Berlin, akakabidhiwa bunduki ya rashasha ambayo hajawahi kushika mfano wake, na baada ya saa 48 akawa ameshabuni mtambo wa kupitisha risasi katikati ya mapanga ya rafadha inayozunguka. Anasema alilipata wazo kwa kukumbuka watoto wa kwao wanavyorusha mawe kati ya mikono ya kinu cha upepo. Hadithi hiyo imerudiwa hata na waandishi makini, na kila inaporudiwa, Roland Garros, mtu wa Réunion ambaye ndege yake ndiyo iliyoanzisha shauri zima hubaki na sentensi mbili: Mfaransa fulani alifunga vipande vya chuma kwenye rafadha yake, kisha akatekwa.

Ipo karatasi moja ambayo wasimuliaji wa saa 48 huipita kimya. Ni hataza ya Franz Schneider, mhandisi Mswisi aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha LVG huko Ujerumani. Aliiomba Julai 1913, mwaka mzima kabla ya vita, na mwaka 1914 maelezo yake yakachapishwa katika jarida la Kijerumani la Flugsport, lililokuwa likisomwa na kila mtu wa fani hiyo. Ndani yake mna bunduki iliyofungwa nyuma ya rafadha, na mtambo unaoizuia isifyatue pale panga linapopita mbele ya mtutu. Anayetaka kuamini kwamba Fokker alianza na ukurasa mtupu Aprili 1915 lazima kwanza aamini kwamba mtu aliyeishi kwa kuuza ndege Ujerumani hakuwa akisoma jarida la ndege la Ujerumani. Mimi siamini.

Maisha ya Garros kabla ya vita yameandikwa sana, nami nitayapitia haraka. Alizaliwa Saint-Denis, Réunion, tarehe 6 Oktoba 1888, katika kisiwa cha bahari yetu hii ya Hindi, ambako wengi wa wakazi ni uzao wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki. Babake alikuwa mwanasheria, na kazi ikaihamishia familia Saigon. Kijana akapelekwa Ufaransa kusoma, akaugua mapafu, akajijenga upya kwa baiskeli hadi kutwaa ubingwa wa wanafunzi, akahitimu shule ya biashara ya HEC mjini Paris, akafungua duka la magari. Agosti 1909 aliona ndege zikishindana Reims, na biashara ya magari ikaisha moyoni mwake siku hiyo. Alinunua Demoiselle, kindege chepesi kilichobuniwa na Alberto Santos-Dumont. Akaenda kufanya maonyesho Marekani, Meksiko na Kuba, na baadaye Amerika Kusini. Septemba 1912 alipanda hadi mita 4,960, na Desemba mwaka huohuo, akiwa Tunis, mita 5,610. Tarehe 23 Septemba 1913 alivuka Bahari ya Mediterania kutoka Fréjus hadi Bizerte kwa saa 7 na dakika 53 bila kutua, akafika na lita tano tu za petroli. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Kuhusu uwanja wa tenisi wa Paris unaobeba jina lake, inatosha kusema kwamba ulijengwa mwaka 1928, na kwamba Émile Lesieur, aliyesoma naye HEC na wakati huo akiongoza klabu ya Stade Français, ndiye aliyeshikilia kwamba hautapewa jina lingine.

Vita vilipoanza Agosti 1914 Garros alijitolea, akapangiwa kikosi cha MS 23. Siku hizohizo magazeti yalitangaza kwamba ameigonga Zeppelin ya Wajerumani kwa ndege yake makusudi, akafa pamoja nayo. Ni uzushi mtupu, na sioni sababu ya kuupa nafasi zaidi ya hapa.

Kinachostahili nafasi ni miezi kati ya majira ya baridi ya 1914 na Julai 1915. Hapo ndipo ndege ya kivita ilipozaliwa.

Ndege ya mwaka 1914 ilikuwa jicho la jeshi. Kazi yake ilikuwa kupaa, kutazama mahandaki na mizinga ya adui, na kurudi na habari. Hata kwetu kazi ilikuwa hiyohiyo: Julai 1915, ndege za Waingereza zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia zilizunguka juu ya delta ya Rufiji, zikiwaelekeza wapiga mizinga wa meli zao mpaka manowari ya Kijerumani Königsberg ikamalizwa tarehe 11. Marubani wa pande mbili walipokutana angani walirushiana risasi za bastola na za bunduki za kawaida, mara nyingi bila kupata kitu. Mwanzo wa vita vya angani kwa maana halisi huwekwa tarehe 5 Oktoba 1914, pale Wafaransa Joseph Frantz na Louis Quenault walipoiangusha ndege ya Kijerumani karibu na Reims kwa bunduki ya rashasha ya Hotchkiss. Ndege yao ilikuwa Voisin, ambayo injini na rafadha viko nyuma, kwa hiyo mpigaji aliyekaa mbele aliona anga lote wazi. Lakini ndege za namna hiyo zilikuwa nzito na za polepole, na adui mwenye injini mbele aliweza kujiondokea akitaka.

Basi swali likawa moja: ndege nyepesi, ya mbio, yenye injini mbele, itapigaje risasi kuelekea mbele, na rafadha iko hapo inazunguka? Rafadha ya wakati ule ilizunguka kama mara 1,200 kwa dakika, na ilikuwa na mapanga mawili. Maana yake ni kwamba mbele ya mtutu hupita panga mara 2,400 kila dakika, yaani mara 40 kila sekunde. Bunduki nayo ina mwendo wake, ambao hauna uhusiano wowote na mwendo wa injini. Ukifyatua ovyo, risasi nyingi zitapita salama, lakini chache zitalipata panga, na rafadha ya mbao haihitaji risasi nyingi kabla ya kupasuka. Rafadha ikipasuka injini hutetemeka hadi kung'oka mahali pake.

Raymond Saulnier, mmoja wa wenye kiwanda cha Morane-Saulnier, alilishughulikia swali hilo kabla ya vita. Aprili 1914 aliombea hataza mtambo uliounganisha bunduki na injini, ili kila risasi itoke pale tu njia inapokuwa wazi. Aliujaribu kwa Hotchkiss aliyoazimwa na jeshi. Ubaya ulikuwa katika risasi zenyewe. Baruti ya risasi za jeshi haikuwaka kwa kasi moja: nyingine ililipuka papo hapo, nyingine ilichelewa sehemu ndogo ya sekunde, na katika hesabu ya mapanga 40 kwa sekunde kuchelewa kidogo hivyo ni kulipiga panga katikati. Kwa tahadhari, Saulnier akafunga kabari za chuma cha pua kwenye mapanga, pale risasi zinapopita, ili ile itakayochelewa iteleze pembeni. Kisha jeshi likaitaka bunduki yake, na jambo likalala.

Garros ndiye aliyeliamsha. Baada ya miezi ya kumkimbilia adui angani bila silaha ya maana, alimwendea Saulnier, na katika majira ya baridi wakaanza upya. Uamuzi walioufikia ulikuwa wa kijasiri: mtambo wa kuunganisha bunduki na injini wakauacha kabisa, zikabaki kabari peke yake. Bunduki ifyatue itakavyo. Risasi tisa na zaidi katika kila kumi zitapita, na zitakazogonga chuma zitatupwa kando.

Hapa anaingia mtu ambaye majarida mengi humtaja kwa jina la kwanza au kutomtaja kabisa. Jules Hue alikuwa fundi mitambo wa Garros tangu kabla ya vita. Rafadha zilivunjika katika majaribio ya mwanzo, kwa sababu panga lililokuwa pana lilipokea kishindo kikubwa mno hata kama kabari imeizuia risasi. Hue alilipunguza panga upana pale tu kabari inapokaa. Chuma kikawa kidogo, pembe ikawa kali, risasi ikawa na mahali padogo pa kugonga na njia ya haraka ya kuteleza, na kabari ikakazwa kwa boliti na mikono ya chuma isichomoke kwa nguvu ya mzunguko. Ni kazi ya tupa na jicho, ya mtu anayejua panga la mbao linavyopasuka na kwa nini. Rafadha ilipoteza sehemu ya nguvu yake ya kuvuta, na kila risasi iliyogonga ilitikisa mhimili wa injini. Hasara hizo walizijua, wakazikubali.

Kabari hizo zikafungwa kwenye Morane-Saulnier ya aina ya L, ndege ya watu wawili yenye bawa moja lililokaa juu ya kichwa cha rubani, injini ya nguvu farasi 80. Garros aliruka nayo peke yake. Kwa wanajeshi wa wakati ule hilo lilikuwa ajabu, kwani kawaida rubani alikuwa dereva na mpigaji alikuwa mtu wa pili. Sasa bunduki haielekezwi kwa mkono. Imefungwa, haigeuki, na rubani analenga kwa kuielekeza ndege nzima.

Tarehe 1 Aprili 1915, katika eneo la mapigano la Flanders, alikutana na Albatros ya Wajerumani yenye watu wawili. Wao walimjibu kwa bunduki za kawaida. Ilimbidi abadilishe utepe wa risasi katikati ya mapambano huku akiishika ndege kwa mkono mwingine, na mwishowe Albatros ikawaka moto na kuanguka na watu wake. Garros alikwenda kuyaona mabaki na maiti, na aliyoyaona yalimtia majonzi. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaoandika historia ya marubani hawa kana kwamba ilikuwa michezo. Tarehe 15 aliangusha ndege ya pili, na tarehe 18 ya tatu.

Jioni ya tarehe 18 aliruka tena, akashambulia njia ya reli upande wa Courtrai, Ubelgiji, akashuka chini mno, na injini ikazima. Zipo kauli mbili. Moja inasema bomba la petroli liliziba. Nyingine, ya Wajerumani, inasema askari mlinzi wa reli aliipiga ndege kwa bunduki alipokuwa akiishambulia treni. Mimi naiegemea zaidi kauli ya pili. Ndege inayopita chini juu ya reli inayolindwa, mbele ya askari wenye bunduki mkononi, ina sababu ya kutosha ya kuzimika bila kuhitaji uchafu kwenye bomba. Alitua karibu na kijiji cha Hulste, akajaribu kuichoma ndege, lakini haikuteketea yote. Bunduki na rafadha zikaingia mikononi mwa adui, naye akatekwa.

Wajerumani walijaribu kwanza njia rahisi: kuziiga kabari. Zikapasuka. Risasi za Kifaransa zilikuwa na ganda la shaba, ambalo ni laini na hubonyea likigonga chuma. Za Kijerumani zilikuwa na ganda la chuma, na kabari hazikuweza kuzistahimili. Ndipo Fokker alipoitwa, na ndipo hadithi ya saa 48 inapoanzia.

Kwamba kiwanda cha Fokker kule Schwerin kilitoa mtambo unaofanya kazi kabla ya adui yeyote, hilo ni kweli na ni kubwa. Fimbo ya chuma iliyosukumwa na nundu ya mhimili unaozungushwa na injini iliifyatua bunduki ya Parabellum pale tu panga lilipokuwa limepita. Lakini kiwandani palikuwa na wahandisi, akiwamo Heinrich Lübbe, ambaye jina lake limeunganishwa na mtambo huo tangu zamani, na ni vigumu mno kufikiri kwamba walikuwa wamekaa mikono mitupu mpaka rafadha ya Garros ilipoletwa. Zaidi ya hayo, ndege yenyewe waliyoifunga mtambo, iliyokuja kuitwa Fokker E.I, ilitokana na umbo la Morane-Saulnier aina ya H, ambayo Fokker aliinunua kabla ya vita, akaijengea kiunzi cha mabomba ya chuma badala ya mbao. Schneider alimshtaki kwa kuiba hataza, na kesi ikaburuzwa miaka na miaka. Mtu aliyebuni kitu kwa siku mbili kutokana na kumbukumbu ya watoto na kinu cha upepo hawi na maadui wengi kiasi hicho mahakamani.

Wapo pia wanaosema kabari zilikuwa kitu cha kishamba, njia ya mkato isiyo na mbele, na kwamba sifa zote ziende kwa mtambo uliozifuata. Sikubaliani nao. Schneider alikuwa na karatasi tangu 1913, na Saulnier tangu 1914. Majeshi ya pande zote mbili yalizijua au yangeweza kuzijua, na hakuna lililojali. Kilichowafanya majenerali waamke ni ndege tatu zilizoanguka katika siku 18 kwa mkono wa mtu mmoja aliyekaa peke yake. Garros alithibitisha kwa vitendo kwamba bunduki ifungwe na ndege ndiyo igeuzwe, na fikra hiyo ndiyo iliyobaki kuwa msingi wa ndege vita zote zilizofuata katika vita hivyo, kabari zilipokwisha kusahauliwa. Rubani mwenzake Eugène Gilbert naye alizitumia, kwa hiyo hazikuwa kioja cha mtu mmoja.

Tarehe 1 Julai 1915 Kurt Wintgens, akiruka na Fokker mpya karibu na Lunéville, aliipiga ndege ya Kifaransa hadi ikatua upande wa Wafaransa na watu wake wawili wamejeruhiwa. Ilikuwa Morane yenye bawa juu, ya aina ileile ya Garros. Mwezi uliofuata Max Immelmann alipata ushindi wake wa kwanza, na tangu hapo hadi miezi ya mwanzo ya 1916, marubani wa Uingereza na Ufaransa walipaa wakijua kwamba adui ana silaha wasiyokuwa nayo. Ni Nieuport 11 ya Wafaransa na DH.2 ya Waingereza zilizoigeuza hali. Ya kwanza ilibeba bunduki juu ya bawa, ya pili ilikuwa na injini nyuma, zote mbili zikiikwepa rafadha kwa sababu mtambo wa kuunganisha ulikuwa bado haujawaivia.

Garros hakuyaona hayo. Alikaa mateka karibu miaka mitatu, akihamishwa kambi baada ya kambi, macho yake yakidhoofika hadi asione vizuri mbali. Februari 1918 yeye na rubani mwenzake Anselme Marchal, aliyewahi kuruka juu ya Berlin usiku na kumwaga vipeperushi, walitoroka kambi ya Magdeburg wakiwa wamevaa sare za maofisa wa Kijerumani walizojishonea, wakapita Uholanzi na London mpaka Ufaransa. Georges Clemenceau, waziri mkuu, alitaka abaki nyuma awe mshauri. Alikataa. Alitengenezewa miwani kwa siri, akaanza kujifunza upya kazi ambayo yeye ndiye aliyeifungulia njia: sasa marubani waliruka kwa makundi, katika miinuko ya juu, na ndege zenye mwendo karibu mara mbili ya ile Morane yake.

Alirudishwa kikosi namba 26, akapewa Spad XIII yenye bunduki mbili za Vickers zinazopiga katikati ya mapanga. Tarehe 2 Oktoba 1918 aliripoti kuangusha ndege mbili, moja ikathibitishwa. Tarehe 5 Oktoba, juu ya Ardennes karibu na Vouziers, alijitenga na wenzake akawaendea Wajerumani waliokuwa na Fokker D.VII. Spad yake ilisambaratika angani. Ushindi huo kwa kawaida hupewa Hermann Habich wa kikosi cha Kijerumani cha Jasta 49. Kesho yake Garros angetimiza miaka 30. Alizikwa Vouziers.

Baada ya kifo chake wapo walioanza kumwongezea hesabu mpaka ifike tano, maana tano ndiyo iliyokuja kuwa kipimo cha kuitwa rubani bingwa. Hilo halimsaidii yeyote. Wa kwanza kufikisha tano alikuwa Adolphe Pégoud, aliyeuawa tarehe 31 Agosti 1915, na sifa hiyo ni yake. Garros ana nne zilizothibitishwa: tatu za Aprili 1915, kwa kabari zilizokwanguliwa na Jules Hue, na moja ya Oktoba 1918, kwa mtambo wa kuunganisha bunduki na injini uliobuniwa na Marc Birkigt wa Hispano-Suiza, Mswisi mwingine kama Schneider.